Redio ya Baba, Mkono wa Mama



Chini ya mwembe, katika uwanja wa nyumba yetu ya Tudor, limesimama gari aina ya Peugeot 504 ambalo marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilinunua kwa mkono wa pili mwaka 1984. Sisi watoto wake watano, wanaume wawili na wanawake watatu, sote tumepakatwa ndani ya gari hilo na sote tumelitapikia. Wawili katika sisi walitolewa hospitali kwa gari hilo siku walipozaliwa, na watatu walipelekwa nalo kwa waume zao. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu jinsi redio ya gari hilo ilivyokaribia kututenganisha, na jinsi Mola alivyotuepusha na shari hiyo.

Watu wa rika letu hawahitaji kuelezwa Peugeot 504 ni gari gani, lakini vijana huenda wakahitaji. Lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, likaja likaunganishwa hapa hapa Kenya, na lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Lilistahimili vumbi, mashimo na mizigo, hata abiria wa safari za mbali wakawa wakisema wamepanda Peugeot bila kuongeza neno. Baba alikuwa akisema kuwa gari hili halina haraka wala halina hasira, naye alilitunza kama mtu atunzavyo mnyama wa kufugwa. Kila Ijumaa asubuhi aliliosha kabla ya kwenda kuoga yeye mwenyewe kwa ajili ya sala.

Katikati ya dashibodi ilikuwamo redio. Ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, cha kushoto cha kuwashia na kuongeza sauti, cha kulia cha kusogeza sindano. Baina yake palikuwa na kioo chembamba chenye namba, na chini ya kioo vitufe vitano vya kubonyeza. Ilipokea mawimbi ya kati peke yake, na sauti yake ilitoka katika spika moja iliyofichwa chini ya dashibodi. Katika siku zile shirika la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya, nalo lilibaki na jina hilo hadi mwaka 1989. Usiku, mawimbi ya kati yasafiripo mbali zaidi kuliko mchana, tuliwahi kupata hata Sauti ya Tanzania Zanzibar, taarabu ikija na kuondoka kama maji ya pwani.

Kumbukumbu yetu kubwa kuliko zote ni ya mwezi. Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, baada ya kufuturu, umeme ulikuwa na desturi ya kutukimbia, na redio ya nyumbani betri zake zilikuwa zimekwisha. Baba alifungua milango yote minne ya gari na kuiwasha redio, na majirani wakaja wakazunguka, wanaume upande huu na wanawake upande ule, watoto juu ya boneti. Sote tulinyamaza tukingoja tangazo la Kadhi Mkuu. Mwezi ulipotangazwa kuwa umeonekana, takbira zilianza pale pale uwanjani, na mama zetu walikimbilia majikoni. Tangu siku hiyo sisi tuliiita redio ya baba, na hakuna aliyewahi kuuliza kama jina hilo lilikuwa sawa.

Miaka kadhaa kabla ya baba kufariki, redio ilianza kunguruma, kisha ikanyamaza kabisa. Baba aliahidi kuitengeneza. Akaahidi tena. Umri ukamlemea, na gari likawa la kupelekwa sokoni na msikitini tu. Alifariki akiwa na ahadi hiyo, wala hatumlaumu, kwani nani kati yetu atakayeondoka akiwa amezimaliza ahadi zake zote?

Ndugu yetu mdogo wa kiume yuko Ghuba, kikazi. Habari ya msiba ilimfikia usiku, na sisi kama tulivyoamrishwa hatukumchelewesha maiti. Baba alizikwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, na ndugu yetu hakuwahi. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Hakulisema, lakini mwezi wa pili wa eda ya mama alituma, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi Mombasa, sanduku lenye redio mpya ya gari, ya kioo kipana cha kugusa, pamoja na spika nne na kamera ya kuonyesha nyuma. Alituomba tuifunge katika gari la baba. Alisema ataligharimia gari lote liwe kama jipya, ili akija likizo ampeleke mama popote atakapo.

Tulifurahi. Siku ya Jumamosi tulimleta fundi wa gereji jirani. Alipima, akatuambia kwamba redio ya zamani ni nyembamba na hii mpya urefu wake wa kwenda juu ni kama mara mbili, kwa hivyo hapana budi dashibodi ikatwe. Alichora mstari kwa chaki, akatoa msumeno wa chuma. Ndipo mjukuu wa miaka saba alipotoka mbio ndani ya nyumba na kusema: "Bibi asema msikate."

Fundi alitutazama, nasi tukatazamana. Tulimlipa nauli yake, akaenda zake.

Hapo ndipo fitina ilipoanza. Ndugu yetu wa Ghuba alipopigiwa simu alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa tumemtenga kwa kuwa hayupo, na kwamba kama angekuwapo maziko hayangempita na redio yake isingekataliwa. Mmoja wetu alimjibu kwa ukali kwamba fedha hazinunui kumbukumbu. Maneno yale hayakupasa kusemwa, na aliyeyasema ameyajutia. Kwa wiki mbili simu haikupigwa wala kupokewa. Sisi wengine tukagawanyika: wapo waliosema gari ni la kutumiwa na si la kuhifadhiwa kama nyaraka, na wapo waliosema kuigusa redio ya baba ni kumfukua baba. Kila upande ulisema kwa jina la marehemu, na marehemu hakuwapo kujibu.

Alitutuliza mjomba wetu, kaka wa mama. Alituuliza swali moja: "Hili gari ni la nani?" Tulijibu kuwa ni la baba. Akasema, "Baba yenu hana gari tena. Madeni yake mmekwisha kuyalipa, wasia wake mmeutekeleza. Haya, lihesabuni." Tukahesabu. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, sehemu moja katika nane, kama ilivyofaradhishwa katika Suratun-Nisaa. Wazazi wa baba walikwisha kutangulia, kwa hiyo zilizobaki ni sehemu saba, za watoto, mwanamume apate mara mbili ya mwanamke: wanaume wawili mbili mbili, wanawake watatu moja moja. Zikatimia nane bila kubaki hata chembe. "Basi," akasema mjomba, "redio hiyo ina wenyewe sita. Watano mmegombana. Wa sita mmemuuliza?"

Tuliona haya. Tulikuwa tumeusikia ujumbe wa mama kwa kinywa cha mtoto, tukaufasiri kila mmoja kwa apendavyo, na hakuna aliyeingia chumbani akaketi na kumuuliza.

Tuliingia baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa juu ya mkeka na tasbihi yake. Tulimwambia kuwa tumefahamu kwamba hataki kumbukumbu ya baba iguswe, na kwamba tutaiacha redio vile vile ilivyo, bubu, kama alama. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

"Wanangu," alisema, "nani aliyewaambia kuwa ile ni redio ya baba yenu? Baba yenu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuondoa mkono katika usukani. Alikuwa mwoga. Tangu siku ya kwanza alinambia, mimi nitashika usukani, wewe shika redio. Miaka yote hiyo, aliyekuwa akiizungusha ni mimi. Mlikuwa nyuma mkipigana, hamkuona mkono wa nani."

Tulijaribu kukumbuka, na kila mmoja wetu akauona mkono ule: wenye hina kwenye ncha za vidole, ukizungusha kifundo cha kulia polepole, ukitafuta.

"Niliwazuia msikate," aliendelea, "kwa sababu mimi macho yangu yana mtoto wa jicho. Kioo hicho cha kugusa mimi nitakigusa wapi? Vifundo vile navijua gizani. Lakini sikusema ikae bubu. Nimekaa kando ya baba yenu miaka ile ya mwisho ndani ya gari lililonyamaza, nikiingoja itengenezwe. Mimi nataka iseme."

Ndugu wasomaji, tulitoka chumbani mle tumeinamisha vichwa. Tulikuwa tumepigana vita vya kuilinda redio na vya kuibadilisha, na mwenye redio alitaka jambo la tatu ambalo sote hatukulifikiria.

Tuliuliza mjini tukaelekezwa kwa mzee mmoja wa Majengo, fundi wa redio wa siku nyingi. Twapenda kueleza alichokifanya, kwa kuwa magari ya wazee yangalimo katika nyumba nyingi za pwani, na huenda msomaji akafaidika.

Kwanza, kabla ya kugusa waya wowote, alifungua waya wa hasi kwenye betri. Kisha akauliza habari ya umeme wa gari. Peugeot 504 ina volti 12 na hasi yake imeshikamana na bodi, kama magari ya leo, kwa hiyo haina matata. Lakini alituonya kuwa baadhi ya magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960 chanya yake ndiyo iliyoshikamana na bodi, na mtu akifunga humo redio ya kisasa bila kujua, itaungua papo hapo.

Pili, aliitoa redio akaifungua juu ya meza yake. Ndani palikuwa na vumbi, kutu ya hewa ya chumvi, na mende mkavu. Alituonyesha kapasita zilizokauka na akasema hizo ndizo zilizoleta ule mngurumo kabla ya redio kufa, kwani kapasita za aina hiyo hukauka kwa umri hata kama redio haitumiki. Alizing'oa, akafunga mpya kwa risasi, akasafisha kifundo cha sauti kilichokuwa kikikwaruza. Siku ya pili aliiunganisha na betri. Ikapiga mvumo mdogo, kisha tukasikia mlio wa mawimbi matupu, ule mlio wa bahari ya mbali. Hatukuwa tumesikia sauti hiyo kwa miaka.

Tatu, alitueleza kuwa mawimbi ya kati peke yake hayatamtosha mama, kwani vituo avipendavyo leo, kama Radio Rahma na Pwani FM, viko kwenye FM. Zilikuwapo njia tatu. Ya kwanza ni kukata dashibodi, nayo tulikwisha kuikataa. Ya pili ni kufunga redio ndogo ya kisasa mahali pa siri, chini ya kiti au ndani ya kijisanduku cha dashibodi, na kuiacha ya zamani iwe pambo. Ya tatu ni kuingiza ndani ya redio ile ile kibao kidogo cha umeme chenye FM na Bluetooth, kikiendeshwa kwa vifundo vile vile. Tukachagua ya tatu, kwa sababu mama alitaka vifundo viseme na visiwe pambo. Kibao kile alikifunga pembeni bila kuondoa mashine ya asili, na swichi ndogo nyuma ya kitufe cha tano ndiyo ibadilishayo kutoka mawimbi ya kati kwenda FM.

Nne, alibadilisha spika kwa sababu karatasi yake ilikuwa imeliwa, akapitisha waya mpya wenye fyuzi yake, na akaweka kapasita ya kuzuia kelele, kwani injini ya zamani yenye plagi zisizozuiwa hutia redio mlio unaopanda na kushuka kila ukikanyaga mafuta. Mwisho, redio ilipokwisha kurudishwa garini, alitafuta kituo hafifu upande wa juu wa kioo, akazungusha kwa bisibisi nyembamba skrubu ndogo karibu na tundu la erio mpaka sauti ikanawiri. Alisema mafundi wengi husahau hatua hiyo, kisha wenye gari husema redio ni mbovu.

Kazi yote ilichukua siku tisa, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kukata dashibodi na kuipaka rangi upya. Fundi alifanya kazi yake uwanjani asubuhi, mama akiwa ndani na eda yake, akimpelekea chai kwa mkono wa mjukuu.

Ikabaki habari ya ndugu yetu. Tulikubaliana kuwa haitoshi kumwambia redio yake haikufaa. Yule aliyemjibu kwa ukali ndiye aliyempigia simu. Alimwomba msamaha kabla ya kusema lolote lingine, kisha akamsimulia habari ya macho ya mama na ya mkono wa mama. Huko upande wa pili tulimsikia akilia. Akasema, "Nilitaka tu awe na kitu changu ndani ya gari lile." Dada yetu mkubwa ana Probox anayowapelekea watoto shule. Redio ya kioo iliingia humo bila kukatwa chochote, na ile kamera ya nyuma imekwisha kuwaokoa paka wawili. Ndugu yetu aliridhia.

Lakini dada huyo alikuwa na fikra nyingine. Alimwomba amtumie mama salamu kwa sauti yake, asimwambie mtu.

Eda ya mama ilikwisha baada ya miezi minne na siku kumi. Siku ya kwanza ya kutoka alitaka kwenda Likoni kumwona dada yake. Kaka yetu mkubwa alishika usukani, mama akaketi mahali pake pa siku zote, nasi tukajibana nyuma kama zamani. Alinyoosha mkono bila kutazama, akazungusha kifundo cha kushoto. Kikalia "tik". Redio ikasema. Alizungusha cha kulia polepole mpaka akapata kisomo cha Qurani, akaacha hapo, akaegemea kiti, akafumba macho.

Tulipokuwa kwenye foleni ya feri, jua likielekea magharibi, dada yetu alibonyeza simu yake, na sauti ya mwanawe wa Ghuba ikatoka ndani ya redio: akimsalimia, akimwomba radhi kwa kukosa maziko, akimwombea baba rehema. Mama hakushtuka wala hakugeuka nyuma kuuliza ni namna gani. Alisogeza mkono kwenye kifundo cha kushoto na kuongeza sauti kidogo, ili asikie vyema. Salamu zilipokwisha alisema "Amin," kisha akatuambia, "Mwambieni njia ya kwenda Likoni ni ile ile."

Tumeandika haya kwa sababu twajua kuwa katika nyumba nyingi zetu kuna kitu cha marehemu kinachongoja uamuzi: cherehani, saa ya ukutani, kitanda cha samadari, gari chini ya mti. Wapo watakaotaka kukibadilisha na wapo watakaotaka kukifunika kitambaa, na wote watasema kuwa wampenda marehemu. Twawausia kwanza mlipe madeni na kuhesabu mafungu, ili kila mmoja ajue kitu ni cha nani. Kisha muingie chumbani mwa mjane, mketi chini, mumuulize, na mumngoje amalize kusema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na awaunganishe ndugu walio mbali na walio karibu.

Wabillahi tawfiq.